Mlio Mmoja kutoka Mlimani

Jumatano, tarehe 3

...na lile la godoro ulilotupa zawadi, dada yangu, sikulimaliza siku ile ya harusi kwa sababu mashangazi walikuwa wananivuta mkono huku na mpiga picha ananiita kule. Nilitaka kusema hivi: hatujawahi kulala juu ya kitu laini kama kile, si mimi, si Fundi wangu. Yeye amekulia kwenye mkeka, mimi nimekulia kwenye ubavu wako. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Asante, asante, asante. Ukanipa na daftari hili, ukasema niandike masika yangu ya kwanza ya ndoa, nisikufiche kitu, nawe utasoma. Haya, naandika.

Leo mvua ya kwanza imenyesha. Fundi wangu alikuwa ameinamia redio ya mtu, bisibisi mdomoni. Matone yalipoanza kupiga bati aliinua uso, akanitazama mimi kwanza, ndipo akatazama dirisha. Mimi kwanza, dada. Nikamimina chai nje ya kikombe.

Tuna vyumba viwili ghorofani. Cha mbele ni karakana yake ya simu na redio, cha nyuma ndicho kwetu. Kasoro ni moja. Dirisha la karakana linatazamana na kilichokuwa chumba cha Baba cha kushonea. Mlango bado una ile rangi ya kijani aliyoipaka Baba mwenyewe. Ndani amekaa Bwana Chaki na ubao wake wa kamari, na cherehani ya Baba ameigeuza meza ya chai.

Nina furaha kiasi cha kuwatia watu wivu, na bado kila asubuhi nikivuta pazia naomba paa lile limwangukie.

Alhamisi, tarehe 4

Mvua. Mume wangu kaniletea mwavuli wa maua. Ubavu mmoja umevunjika, lakini maua ni maua.

Jumapili, tarehe 7

Tumekwenda kwa mama mdogo kumwona Baba. Alikuwa anapindia suruali ya mtu kwa mkono, sindano na uzi, karibu na mlango apate mwanga. Yeye aliyekuwa anashona sare za shule nzima. Alimwuliza Fundi habari za kazi, kisha akarudi kwenye sindano yake. Nilipombusu kwenye paji la uso alisema, "Mwanangu, umenenepa, vizuri." Basi.

Njiani Fundi aliniuliza ilikuwaje hasa, kwa kuwa hakuwepo. Nikamweleza, nawe utanisahihisha nikikosea. Kamari ya Bwana Chaki ni mvua tu. Ubaoni kuna maneno mawili, MAJI na KAVU. Maji yakitiririka kutoka kwenye mlizamu wa paa lake na kuingia kwenye debe kabla ya king'ora cha kiwanda cha saa tisa, MAJI imeshinda. Yasipoingia, KAVU. Dau linapokelewa mpaka saa sita. Bei anaandika yeye kwa chaki, na anaibadilisha anavyotaka.

Masika yaliyopita Baba alianza kwa vijisenti, kama mchezo. Akapoteza, akataka kurudisha, akapoteza tena. Siku ya mwisho anga lilikuwa jeupe pe. Bwana Chaki akaandika KAVU inalipa mara tano. Baba akatoka nje, akatazama juu, akacheka, akaweka chumba pamoja na cherehani. Kinyozi ndiye aliyekuwa shahidi. Saa nane mvua ikashuka kama imetumwa.

Fundi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema mtu anayetoa mara tano kwenye anga jeupe ama ni mjinga, ama kuna mtu amemnong'oneza.

Mjinga si yeye.

Jumatano, tarehe 10

Leo nimesomeshwa, na nimesomeshwa nikiwa nimekaa mapajani, kwa hiyo kama nitakosea mahali usinilaumu.

Fundi anasema chuoni waliwafundisha kwamba habari si maneno, ila ni kiasi cha shaka kinachoondoka. Ukiambiwa jambo ulilokwisha kulijua, hata kwa hotuba ndefu, hujaambiwa kitu. Ukiwa hujui kabisa kati ya mawili, mlio mmoja tu wa kengele unatosha kukujulisha yote. Na mcheza kamari anayepata mlio huo kabla ya wenzake, kila shaka inayomwondoka inageuka pesa mfukoni mwake. Kipimo ni kilekile, anasema, cha waya wa simu na cha mfuko wa pesa.

Nikamwuliza, "Basi nikikwambia nakupenda kila asubuhi, sikwambii kitu?"

Akafikiri kweli, bisibisi sikioni. "Kila asubuhi huwa nina shaka kidogo," akasema.

Dada, niambie, mtu kama huyu walikuwa wamemficha wapi?

Jumamosi, tarehe 13

Mvua. Ukungu kwenye nguo zote. Mapenzi tele.

Ijumaa, tarehe 19

Siku nzima nimekaa dirishani nikichambua mboga kidogo na kumchambua Bwana Chaki sana. Sasa ninamjua. Asubuhi bei zake zinalingana. Ikifika kama saa tano hivi, siku nyingine anasimama ghafla, anafuta, anaandika KAVU inalipa mara tano. Watu wanaipenda bei, wanaikimbilia, na mchana mvua inawalowesha. Siku nyingine saa tano inapita hajasimama. Basi anaifanya MAJI ndiyo mara tano, na mchana wote jua. Si kila siku, mara mojamoja anakosea, lakini anapatia mno.

Upepo wa mvua unatokea upande wa mlimani kwenu. Fundi anasema huko inaanza mapema kuliko huku kwa muda wa saa mbili tatu hivi. Kwa hiyo kuna mtu kwenu huko anampelekea habari. Tafadhali dada, weka masikio wazi. Nikimjua mtu huyo nitamkamua kama nguo.

Jioni nilishuka kununua chumvi, na Bwana Chaki akaniita mbele ya watu. "Bi harusi, baba yako siku hizi anashonea wapi? Nina suruali hapa imepasuka." Watu wakacheka, kinyozi akatazama chini. Nikamwambia suruali yake ataishona mwenyewe, na chumbani humo hatakuwemo. Nilirudi nyumbani bila chumvi. Fundi alinishika mikono akaipasha moto kama mtu anayeota jiko.

Jumatatu, tarehe 22

Mama muuza nyanya ameshuka kutoka kwenu na simu yako. Anasema imeanguka kwenye ndoo, ulimwambia amkabidhi shemeji yako tu na si fundi mwingine. Una bahati ya shemeji. Ameifungua, ameitandaza juani vipande vipande kama dagaa. Kesho itaongea.

Jumanne, tarehe 23

Nimeandika sentensi ya kwanza mara kadhaa na kuikata. Nitaandika tu kama ilivyotokea.

Asubuhi jua kali, anga halina hata wingu la dawa. Saa tano hivi Fundi alikuwa amemaliza kuunga simu yako. Ili ajue kama inapiga, alibonyeza namba ya mwisho iliyopigwa, kama anavyofanya kwa simu zote. Ikiita tu anakata, mteja asije akaliwa salio. Ikaita mara moja. Akakata.

Nilikuwa dirishani. Ng'ambo ya barabara Bwana Chaki akatoa simu mfukoni, akaitazama, hakupokea, akairudisha. Akasimama. Akachukua kitambaa, akafuta ubao. KAVU, mara tano. Jua linawaka mpaka lami inanuka.

Nilisema, "Fundi, njoo." Akaja. Nikamwambia nilichokiona. Akasema mara moja inaweza kuwa bahati tu. Nikamwomba abonyeze tena. Alisita, akabonyeza, ikaita mara moja, akakata. Bwana Chaki akatoa simu, akatabasamu, akafuta tano akaandika sita.

Fundi akaweka simu yako mezani polepole, kama kitu cha moto.

Kumbe ni kubipu tu. Hakuna maneno, hakuna salio linaloliwa. Ukibipu, mvua imeanza mlimani. Usipobipu, hakuna mvua. Ndiyo maana anajisifu kila siku, "Mimi sipigi simu, napigiwa."

Nilikaa chini. Nilikumbuka ulivyomlilia Baba siku ile, ulivyojigaragaza mpaka mama mdogo akakumwagia maji. Nikakumbuka ulivyoezeka upya nyumba mwezi uleule. Halafu nikakumbuka tunacholalia.

Hukumdanganya mtu, dada, hilo nakupa. Ulisema kweli siku zote, ila uliisema kwa adui. Siku ya chumba pia ulibipu. Ulikuwa unajua Baba anacheza. Mimi ndiye niliyekwambia.

Watu waliikimbilia KAVU mara sita na mchana haukutoa tone. Bwana Chaki alilipa foleni nzima. Kinyozi alipita akiimba kwamba leo kuna anayetoa sadaka. Siku nyingine ningecheka mpaka nilie.

Nimetandika mkeka sakafuni. Fundi alichukua mto wake akashuka nao.

Jumatano, tarehe 24

Nimefua kila kitu. Hata vilivyokuwa safi.

Alhamisi, tarehe 25

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Mimi nilitaka tumbipu Bwana Chaki kila siku ya jua mpaka auze shati. Fundi amekataa katakata. Anasema simu ya mteja si kinywa chake, hasemi uongo kwa mdomo wa mtu mwingine, hata mtu huyo awe wewe. Nikamwambia basi yeye na Bwana Chaki ni kitu kimoja, na mengine ambayo sitayaandika.

Aliendelea kukaza skrubu mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Mke wangu, hatuhitaji kubipu. Simu imeharibika. Ilikuja imeharibika."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Spika bado inakoroma, kipuri kweli hakijafika, simu itakaa hapa siku kadhaa kihalali kabisa. Na Bwana Chaki amefanya kosa kubwa kuliko yote: amekubali ukimya nao uwe ujumbe. Usipobipu anasoma "hakuna mvua". Hawezi kutofautisha mlima mkavu na simu iliyokufa. Kila siku sasa, saa tano ikipita kimya, ataandika MAJI mara tano, katikati ya masika, wakati nusu ya siku za mwezi hunyesha.

"Kwa hiyo sisi hatujui kama itanyesha," nikasema.

"Hatujui. Lakini tunajua kwamba yeye anadhani anajua."

Nilimrukia shingoni. Kisha nikasema tuweke pesa zote za kutunzwa harusini, kesho, kwa mpigo. Hapo ndipo alipokuwa jiwe. Theluthi moja ya tulichonacho, kila siku, isizidi. Anasema dau linapimwa kwa kiasi unachojua kuzidi wenzako, si kwa kiasi unachomchukia mtu. Ukiweka vyote na siku moja ikakauka, unabaki na sifuri, na sifuri hata uipe mara mia haizai.

Mimi ninachomchukia hakina theluthi. Lakini nimekubali, kwa kuwa anapoeleza hesabu nyusi zake zinapanda.

Ijumaa, tarehe 26

MAJI, mara tano. Theluthi. Saa nane debe lilifurika. Fundi alirudi na pesa kwenye kofia.

Jumamosi, tarehe 27

Jua. Theluthi imekwenda. Bwana Chaki alimwambia Fundi wangu, "Shemeji, bora ulee mke, mambo ya mvua yana wenyewe." Nimeuma mto.

Jumatatu, tarehe 29

Mvua ya mawe. Nimeokota jiwe moja la barafu nikalila. Tamu.

Jumanne, tarehe 30

Mvua tena. Pesa za harusi zimekuwa nyingi mpaka Fundi anaziogopa. Bwana Chaki alitoa simu mfukoni, akaipuliza, akaipigapiga kwenye paja, akaitazama kama mtu anayetazama mke aliyenuna. Kinyozi alimwuliza kwa nini asipige yeye. Akajibu palepale kwamba yeye hapigi, anapigiwa. Fundi anasema mtu akishaamini waya wake hauna kelele, yaani hauwezi kumletea habari mbovu, kila kosa ataliita bahati mbaya, na bahati mbaya huwa anaifukuzia kwa dau kubwa zaidi.

Alilipa kwa kukopa kwa muuza mafuta.

Jumatano, tarehe 31

Leo Bwana Chaki hana pesa za kulipia mara tano. Angefunga ubao angebaki mzima. Badala yake alisimama mlangoni pa kijani, saa tano imepita kimya, jua la kupasua kichwa, akatangaza mbele ya watu wote kwamba MAJI ikishinda atalipa chumba na cherehani iliyomo. Ila kwa sharti Fundi aweke vyote alivyomshinda.

Nilishuka ngazi bila viatu. Nikamwambia Fundi, "Weka. Weka vyote, weka na pete." Kila kitu nilichokitaka tangu masika yale kilikuwa kimesimama pale mlangoni.

Fundi alinitazama, mimi kwanza. Kisha akamgeukia Bwana Chaki. "Theluthi," akasema. "Mara tano yake ndiyo bei ya chumba hiki na zaidi, watu wote hapa wanajua. Ukiogopa theluthi, funga ubao."

Watu wakamzomea, si Fundi, bali Bwana Chaki. Akakubali, akipaza sauti kwamba vijana wa siku hizi wanaoa wakiwa waoga.

Saa saba, jua. Saa nane, wingu moja likaja, likakaa juu ya paa lile kama kuku anayetaka kutaga, likaondoka. King'ora kikalia. Debe kavu.

Nimemwambia mume wangu amenidhalilisha. Kisha nimekaa nikafikiri. Kama angenisikiliza leo tungekuwa hatuna kitu, wala cha kesho. Tunazo theluthi mbili. Nimekwenda karakana nikamwomba radhi kwa njia zote ninazozijua.

Alhamisi, tarehe 1

Bwana Chaki alikuwa na theluthi yetu na kiburi cha jana. Akarudia maneno yaleyale: chumba na cherehani. Fundi naye akarudia lake, theluthi, japo hii ya leo ilikuwa ndogo. Bwana Chaki hakujali udogo. Alikuwa na anga jeupe na ukimya mfukoni, akaandika mkataba kwa mkono wake na kinyozi akatia sahihi, shahidi yuleyule.

Sitaieleza mvua. Wewe unazijua mvua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba ilikuja kutoka upande wenu, saa nane na ushee, na tone la kwanza kwenye debe lilisikika kwa sababu barabara nzima ilikuwa imenyamaza. La pili sikulisikia, watu walikuwa wanapiga kelele.

Bwana Chaki alisimama mvuani, akatoa simu, akaitazama ikilowa. Nilivuka barabara na mwavuli wangu wa ubavu mmoja uliovunjika. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza mwaka mzima. Nikamwambia tu, "Suruali yako iache mezani. Baba atakushonea."

Jumapili, tarehe 4

Baba amefungua mlango wa kijani. Hakuuliza chumba tumekipataje. Alifuta alama za vikombe kwenye cherehani, akatia mafuta, akakanyaga pedeli bila kitambaa, ili asikie mlio tu. Kisha akamshika Fundi bega akasema, "Mwanangu." Si Fundi wala mkwe. Mwanangu.

Akauliza habari zako. Nikasema simu yako imeharibika.

Jumatano, tarehe 7

Kipuri kimefika. Simu yako imepona, spika inalia vizuri kuliko zamani. Nakutumia leo kwa mama muuza nyanya pamoja na daftari hili, kama nilivyoahidi. Nimeandika kila kitu, sijakuficha kitu, na unasoma.

Baba hajui. Bwana Chaki hawezi kusema, kwa kuwa akisema atakuwa amekiri alikuwa anabipiwa, na waliopoteza kwake ni wengi na wana mikono. Fundi hasemi. Nimebaki mimi. Unanijua tangu nilipokuwa nalala ubavuni pako. Unajua ninavyotunza kitu.

Nimefikiri sana nikufanyie nini. Nimeona nikupe nafasi moja. Simu unayo, na salio nimekuwekea. Baba anakaa chumbani kwake kuanzia asubuhi. Usimbipu. Mpigie, apokee, useme kwa sauti yako uliyomfanyia, mwanzo mpaka mwisho. Usipopiga, atayasikia kwangu, mbele yako, kwenye sebule yako mpya, chini ya bati lako jipya.

Tunakuja, sisi wote watatu. Godoro tutakuja nalo, limeshakunjwa na kufungwa kamba. Mimi na Fundi wangu tunalala kwenye mkeka, na wallahi, dada, tunalala vizuri.

Masika yote wewe ndiye uliyekuwa unajua kabla ya watu. Safari hii utakaa kama sisi tulivyokaa, ukitazama juu. Tutafika kabla mwezi haujaisha. Siku gani, sikwambii.